Wodi ya Watu Wema

Ipo nchi moja, na bahati mbaya ingali ipo. Jina lake siwezi kulitaja kwa sababu lilipelekwa Wizarani likachunguzwe tabia, na faili halijarudi. Mimi ni karani wa serikali ya nchi hiyo. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa vikaoni, kisha kufuta yaliyo ya kweli kabla muhtasari haujasainiwa. Nimeifanya kwa miaka kumi na minne na sijapata hata onyo la mdomo.

Mambo ninayotaka kuwaeleza yalianza siku Mtukufu Mkuu wa Nchi aliporudi kutoka semina ya siku tatu ng'ambo. Alishuka ndegeni ameshika karatasi moja, na hakusubiri kufika Ikulu. Alihutubia hapo hapo kwenye zulia.

"Wananchi! Nimegundua kwa nini hatuendelei. Tumekuwa tukiajiri watu eti kwa sababu wanajua kazi. Kosa la kitoto hilo! Kazi mtu anafundishwa, tabia mtu hafundishwi. Kuanzia leo ataajiriwa mwenye tabia njema peke yake. Watu wema watajenga timu imara, timu imara itajenga taifa, na taifa litanishukuru mimi."

Tulipiga makofi kwa dakika kumi na mbili. Rubani alilazimika kuzima injini ili tusikike vizuri. Wiki hiyo hiyo ikaundwa Wizara ya Tabia Njema na Timu Imara, na Waziri wake akawa Mheshimiwa Theofili Kabwogi, ambaye alikuwa amekwisha kuondolewa katika wizara nne kwa sababu ninazozifahamu vizuri, kwa kuwa mimi ndiye niliyezifuta.

*

Wizara iliamua kuanzia Hospitali Kuu, na ndani ya Hospitali Kuu, wodi ya wazazi. Waziri alisema mtoto akizaliwa ni vyema sura ya kwanza anayoiona duniani iwe ya mtu mwema.

Tukatunga fomu. Mwombaji alitakiwa kuwaleta majirani watano, na kila mmoja aandike, bila kushauriana na wenzake, kwamba hajawahi kusikia neno baya juu yake. Waliomba watu mia nne na kumi na wawili. Hakupita hata mmoja.

Nani asiyewajua majirani? Daktari mmoja bingwa aliangushwa kwa sababu hupita bila kusalimia. Muuguzi mmoja mwenye vyeti vya kujaza sanduku aliandikiwa kwamba akikaanga samaki hufunga mlango. Padri mmoja alisifiwa na majirani wanne hadi nikaanza kumsafishia kiti, lakini wa tano aliandika, "Namfahamu tangu tukiwa wadogo," kisha akaweka nukta tatu. Kamati yetu ya kupitia fomu ilizitazama zile nukta kwa saa nzima. Padri akarudishwa kanisani kwake.

"Haiwezekani!" Waziri aliunguruma. "Nchi nzima haina mtu mwema hata mmoja?"

Tuliinamisha vichwa. Kila mmoja wetu alijua asingeipita ile fomu, na Waziri alijua hivyo kuliko sote.

*

Halafu akafa Kinyogoli.

Athumani Kinyogoli alikuwa mtunza stoo ya dawa ya Hospitali Kuu kwa miaka ishirini. Katika miaka hiyo dawa za hospitali zilikuwa zikifika kwenye duka lake la sokoni kabla hazijafika stoo, na nyingine zilichoka njiani zisifike kabisa. Binti yangu alipougua kifua, Kinyogoli aliniuzia chupa ya dawa ambayo baadaye tuligundua ni maji na rangi ya machungwa. Mtoto alipona kwa ubishi wake mwenyewe. Kwa hiyo sizungumzi habari za kusikia.

Sasa, kwetu mtu akifa hasemwi vibaya. Kwanza unasomwa wasifu wake, na kabla ya kaburi kufukiwa kiongozi wa mazishi huwauliza waombolezaji mara tatu, marehemu alikuwa mtu wa namna gani, nao hujibu mara tatu kwamba alikuwa mtu mwema. Ni desturi nzuri. Inamsindikiza mtu kwa heshima, na haijawahi kumdhuru yeyote, mpaka serikali ilipoihudhuria.

Wasifu wa Kinyogoli ulichukua dakika arobaini. Tuliambiwa aliipenda stoo kuliko nyumba yake, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulipinga. Kisha kiongozi akauliza, "Ndugu yetu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu mwema!" waliitikia watu mia tatu.

Nami niliitikia, tena kwa sauti ya juu. Mama aliyesimama kando yangu alikuwa amempoteza mumewe kwa kukosa sindano zilizokuwa zikiuzwa dukani kwa marehemu. Aliitikia pia, machozi yanamtoka. Huwezi kunyamaza mbele ya kaburi, watu watakufikiriaje?

Waziri, aliyekuwa amekuja kuonekana, aliganda kama aliyeguswa na umeme. Akanivuta mkono.

"Karani, umesikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Mashahidi mia tatu. Kauli moja. Mwandikie barua ya ajira."

"Nani, Mheshimiwa?"

"Marehemu."

"Mheshimiwa... amekufa."

"Leta fomu." Nikampa. Akaipitia mbele na nyuma. "Nionyeshe mahali panapouliza kama mwombaji anapumua."

Nilitafuta. Hapakuwapo.

*

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio. Usaili ulifanyika makaburini saa nne asubuhi, chini ya turubai, na chai ya tangawizi kwa wajumbe.

"Ukipewa madaraka utayatumiaje?" Waziri aliliuliza kila kaburi.

Kimya.

"Hajikwezi," Waziri alituambia kwa sauti ya chini, na wajumbe wakatoa alama kumi.

"Una ugomvi wowote na wenzako?"

Kimya.

"Wala hasengenyi. Umewahi kupokea rushwa?"

Hapo, kwenye kaburi la Kinyogoli, udongo ulitikisika kidogo. Wajumbe walitazamana. Akatoka mjusi, usaili ukaendelea.

Katika miezi miwili wodi ya wazazi ilikuwa na timu ya watu saba, wote kwa kauli moja watu wema, na Kinyogoli ndiye msimamizi wao. Kila mmoja aliwekewa kiti, na kila kiti kikavishwa koti jeupe lenye jina kifuani. Hakuna aliyechelewa. Hakuna aliyeomba likizo wala kunong'ona habari za mgomo. Mishahara yao ilipokelewa na watu walioitwa Walezi wa Tabia. Ni akina nani, msiniulize. Nilimwona mmoja tu, na pua yake ilikuwa ya ukoo wa Waziri.

Wageni waliletwa kwa mabasi kuja kujifunza. Waziri alisimama katikati ya vile viti, akainua mikono.

"Tazameni utulivu huu! Nani kati yenu aliwahi kuona timu isiyosigana hata kidogo? Hii ndiyo timu imara! Hii itadumu!"

Wageni walipiga makofi, wakapigwa picha na makoti. Nyuma ya pazia mwanamke alikuwa akipiga kelele za uchungu, na Waziri akaomba aambiwe apunguze sauti kwa sababu wageni wanarekodi.

*

Mnauliza ni nani aliyekuwa akiwazalisha hao kina mama. Alikuwa Zena.

Zena Makunguru alikuwa mkunga wa wodi ile kwa miaka kumi na tisa, na sasa ndiye peke yake mle ndani aliyekuwa na mapigo ya moyo. Alifanya kazi ya watu wanane bila kujua kwamba ni kosa. Faili lake lilipofika kwenye Kamati lilikuwa nene. Majirani walimwona mkali. Lakini kilichomponza zaidi ni barua tatu alizoandika zamani kuhusu wizi wa dawa stoo. Waziri alizisoma huku akitikisa kichwa.

"Amemsema vibaya marehemu," alisema, "tena kabla hata marehemu hajafa."

Aliitwa mbele yetu. Alikuja na sare ya kazi, mikono bado inanuka dawa ya kuoshea.

"Bibi Zena," Waziri alianza kwa upole, "kwa nini huishi vizuri na wenzako?"

"Wenzangu wapi, baba?"

"Timu. Huwasalimii. Na juzi umetundika kanga yenye damu kwenye kiti cha msimamizi wako."

"Nilikuwa na wazazi wanne, vitanda viwili, na jozi moja ya glovu ninayoichemsha kila mara. Ningeitundika wapi?"

"Mnaiona hasira?" Waziri alituuliza. Tuliiona. "Hata hivyo serikali ina huruma. Unaweza kufa kiutawala."

Akamweleza. Utaratibu ulikuwa mwepesi, na madaktari watatu walikuwa wameshaupitia, akiwamo Mganga Mfawidhi wa hospitali mwenyewe, Daktari Senkondo. Unalala kwenye jamvi dakika ishirini, ndugu zako wanalia kiasi, wasifu unasomwa, watu wanashuhudia kwamba ulikuwa mtu mwema. Ukiinuka unakabidhiwa cheti cha kifo na barua ya ajira, vyote viwili katika bahasha moja.

"Halafu narudi wodini kwangu?"

"Jina lako linarudi. Wewe unapumzika. Marehemu haruhusiwi kumgusa mgonjwa, Bibi. Kazi ya timu ile ni kuwa mfano."

Zena akauliza, "Na Asteria atazalishwa na nani?"

Hakuna aliyemjua Asteria. Zena akatueleza. Alikuwa mke wa Gaudensi, fundi baiskeli wa pale karibu na soko, mimba yake ya kwanza, zimebaki wiki tatu. Mtoto alikuwa amelala kwa kukingama tumboni na hakutaka kugeuka. Zena amewahi kuzalisha wengi wa namna hiyo, lakini anahitajika mtu anayejua, na awepo mapema.

"Timu itamhudumia," alisema Waziri.

"Timu ni makoti!"

"Makoti ya watu wema," alimsahihisha.

Zena akanigeukia mimi. "Kaka karani, unaandika?"

"Naandika, dada."

"Basi andika kwamba mtoto wa Asteria amekingama, na kwamba nimekuja hapa nikawaambia."

Niliandika. Alikataa kulala kwenye jamvi, akaamriwa asikanyage tena hospitalini, na picha yake ikabandikwa getini. Jioni nilipokuwa nasafisha muhtasari nilikifikia kile kifungu, nikakifuta kama vingine.

*

Asteria alishikwa na uchungu siku ya Alhamisi, saa sita mchana. Gaudensi alimpakia nyuma ya baiskeli, akaisukuma kwa miguu hadi hospitalini, anamwambia kila hatua, "Bado kidogo, mke wangu." Zena alipata habari akakimbia na viatu vya nyumbani. Mlinzi akamzuia.

"Dada Zena, mimi unanijua. Wanangu wote wawili umewatoa wewe. Lakini picha yako hii hapa."

"Fumba macho basi!"

"Nikifumba watasema nimelala kazini."

Daktari Senkondo alitoka mbio. Alikuwa marehemu kiutawala, hakuruhusiwa kumgusa Asteria hata kwa kidole, na yule mtu alikuwa mwoga kiasi kwamba alitii. Lakini kanuni zilisahau kuwakataza marehemu kupiga simu. Akapiga Wizarani. Niliyepokea ni mimi.

"Karani, tafadhali. Kibali cha dharura, mkunga Zena aingie. Saa moja tu. Mtoto katoa mkono, mama anaisha."

Nikakimbia kwa Waziri. Alikuwa anakula papai.

"Zamu ya leo wodini kuna watumishi wangapi?" aliuliza.

"Saba, Mheshimiwa."

"Na wagonjwa?"

"Mmoja, Mheshimiwa. Lakini—"

"Saba kwa mmoja!" Alifuta mdomo kwa furaha. "Hata Ulaya hawajafika hapo. Mwambie zamu imejaa."

Nilirudi kwenye simu. Sikilizeni, nawaambieni jambo hili kwa sababu sijapata mahali pa kulifuta. Ningeweza kusema, "Kibali kimetoka." Maneno mawili. Waziri alikuwa na papai lake, hakuna ambaye angejua hadi kesho yake, na kesho yake mtoto angekuwa amezaliwa. Niliyashika yale maneno mdomoni. Kwenye simu, mbali kidogo, nilisikia sauti ya mwanamke ikiita, "Zena! Zena!"

"Zamu imejaa, Daktari," nilisema, nikakata simu taratibu ili nisionekane mtu asiye na adabu.

Asteria alikufa saa tisa alasiri, na mtoto wake akafa naye. Taarifa ilisema alikutwa ameshika mkono wa koti la Kinyogoli, na Wizara ikaongeza kwamba hilo linaonyesha imani ya wananchi kwa timu. Sentensi hiyo niliichapa mwenyewe. Nilipofika kwenye nukta nilitapika ndani ya kapu la karatasi, na nilipomaliza nikajifuta nikagonga muhuri.

*

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Waziri alitangulia kufika kuliko hata wachimbaji.

"Nafasi ya Zena iko wazi," aliniambia, "na huyu binti nasikia alikuwa mpole, mstahimilivu, alijifungua—alijaribu kujifungua—bila kutukana mtu. Leta fomu. Tukipata ushahidi mzuri leo, Jumatatu anaanza."

"Wapi, Mheshimiwa?"

"Wodi ya wazazi, wapi kwingine? Anaifahamu tayari."

Nimekaa na watu hao miaka kumi na minne, nimekula nao, nimecheka vichekesho vyao, na sijawahi kuchukia kiasi kile. Nilijichukia na mimi, maana fomu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaenda alikosimama Gaudensi, nikamwambia polepole wanachokusudia.

Hakuelewa mara moja. "Wamweke mke wangu kwenye kiti?"

"Koti lake. Na jina."

"Kwenye chumba kile kile?"

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Ni ajira ya kudumu, ndugu yangu."

Alimtazama mama mkwe wake aliyekuwa ameketi chini, akamtazama Zena aliyekuwa amemshika yule mama mabegani, akaenda akainama kati yao. Sikusikia walichoongea. Nilimwona Zena akifunika uso kwa mikono yote miwili, kisha akaitikia kwa kichwa.

Wasifu ulisomwa. Ulikuwa mfupi, Asteria alikuwa na miaka ishirini na mbili tu. Kiongozi akafunga karatasi yake, akauliza, "Dada yetu alikuwa mtu wa namna gani?"

Watu walivuta pumzi wajibu, lakini Gaudensi akawawahi.

"Mbaya!"

Kiongozi alidhani hakusikia vizuri. Gaudensi alisogea hadi ukingoni mwa kaburi.

"Alikuwa mvivu! Sikuwahi kula chakula cha moto nyumbani kwangu!" Alikuwa akilia hadi kifua kinaruka, na kila mtu pale alijua jinsi alivyonenepa tangu aoe.

"Mwizi!" mama yake Asteria alipaza sauti kutoka pale chini. "Nimemzaa mimi, namjua! Mwizi tangu utotoni, mwanangu, mwizi!"

"Mgomvi!" alisema Zena. "Kila wiki kliniki alikuwa akinitukana!"

Minong'ono ilipita kutoka mdomo hadi sikio, na ilipofika nyuma kabisa watu walikuwa wameelewa. Kiongozi akauliza mara ya pili, na sasa majibu yakaja kutoka kila upande: mchoyo, mwongo, mzushi, hashiriki misiba ya wenzake. Wanawake aliokuwa akiwabebea maji walimwita mchoyo huku wakigaragara. Bibi mmoja mzee alisimama, akatafuta neno baya, akalikosa. "Alikuwa... alikuwa anacheka mno," alisema, akaketi chini akilia.

Mara ya tatu kelele zilitikisa makaburi. Waziri alikuwa amejikunyata chini ya mwavuli wake, uso umemkunjamana kama aliyekanyaga uchafu.

"Watu gani hawa?" alisema. "Wanamtukana maiti wao! Hawana hata haya? Inatia kinyaa." Akanigeukia. "Karani, wewe ulimfahamu huyu mwanamke?"

Sikuwahi kumwona Asteria. Nilichowahi kukipata kwake ni ile sauti tu kwenye simu.

"Nilimfahamu vizuri, Mheshimiwa," nilisema. "Alikuwa mchawi."

"Mpige muhuri."

Nikaiweka fomu juu ya goti, nikapiga muhuri mwekundu: TABIA MBAYA, HAAJIRIKI. Nakala moja ni ya familia, hivyo nikampelekea Gaudensi. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kisha akachukua koleo akaanza kufukia, na wote waliokuwa wakimtukana mkewe wakashika makoleo na majembe wakamsaidia. Jumatatu asubuhi nilikwenda wodini kuhesabu viti kwa ajili ya ripoti ya Waziri. Vilikuwa saba, na Asteria hakuwapo.